Wapiga kinanda wa Dodoma: umoja wao ulianzaje, na wakikutana wanafanya nini?

Kijana_Nkuhungu

Habari za jioni wakuu. Nimehamia Dodoma mwaka huu kikazi nikitokea Mbeya, nakaa Nkuhungu. Ni mpiga kinanda wa kanisani. Hivi karibuni nilisali kwenye kanisa moja mjini. Mpiga kinanda wao, baba mtu mzima, alipiga nyimbo zote bila kuwasha biti (ule mdundo wa mashine), na waumini wakaimba sauti nne mpaka nikasahau kufungua kitabu. Nilipomfuata baada ya ibada akaniambia kuna umoja wa wapiga kinanda hapa Dodoma unaochanganya madhehebu, wanakutana Jumamosi moja kila mwezi. Kabla sijachukua namba yake akaitwa kwenye kikao cha wazee, nikampoteza.

Naomba anayeujua huo umoja anieleze ulianzaje na wakikutana wanafanya nini hasa. Mimi nimejifunza kwa kusikiliza, nota sizisomi. Je, wananipokea?

Mengine mawili. Kinanda changu ni cha funguo 61, na ufunguo mmoja wa katikati umeanza kunisumbua: ukiugusa kidogo tu unapiga kelele kuliko wenzake wote. Halafu kuna mzee kanisani kwetu ana ndugu yake Marekani ambaye yuko tayari kutupa bure Hammond ya zamani (kinanda cha umeme cha Kimarekani), sisi tulipie usafiri. Tuikubali?

MwalimuBesi

Mbukwenyi wote, na wewe kijana karibu sana Dodoma. Umoja huo upo, na mimi nimo tangu ulipoanza. Acha nikueleze kwa nafasi, maana ukijua ulikotokea utaelewa kwa nini yule baba hakuwasha biti.

Sisi wa umri wangu tulijifunzia kinanda cha kukanyaga, kile cha wamisionari. Unakanyaga kwa zamu, mguu wa kulia na wa kushoto, mfuko unajaa upepo, upepo unapita kwenye vilimi vya shaba na sauti inatoka. Ukitaka sauti iwe kubwa unakaza miguu, ukitaka iwe ndogo unalegeza. Mpigaji alikuwa anapumua pamoja na waimbaji, hakuwa na namna nyingine. Huku kwetu vinanda hivyo vilikufa kimoja kimoja. Panya walitoboa mifuko ya upepo, mchwa wakala mbao, ngozi ikapasuka kwa ukame wetu huu, na fundi wa kuishona upya hakuwepo.

Vikaja vinanda vya umeme. Casio walianza kuuza Casiotone zao mwaka 1980, Yamaha nao wakaleta vyao, na hapa kwetu vingi vilifika vikiwa vimeshatumika, zawadi za parokia na sharika rafiki za Ulaya. Tulivipokea kwa vigelegele. Ila vilikuwa na kitufe kimoja cha kuanzisha mdundo. Ukikibonyeza, ngoma inaingia, besi inaingia, na mashine haimsubiri mtu. Kwaya zilizokuwa zinaimba sauti nne kavu zikaanza kuikimbiza mashine. Mwisho wa mstari, pale mama wa sauti ya pili anapotaka kuvuta pumzi, biti imeshafika mstari unaofuata. Kuna kwaya niliyoifahamu vizuri ambayo sauti ya tatu ilikufa kabisa. Wale akina baba hawakuwa wanasikika tena kwa ajili ya ile besi ya mashine, wakaona hakuna haja ya kujifunza.

Umoja wetu ulizaliwa msibani. Tulikuwa tunamzika mwalimu wa kwaya aliyetufundisha wengi, bila kujali dhehebu la mtu. Katikati ya ibada umeme ukakatika. Kwaya mbili za vijana waliozoea biti zikanyamaza. Akina mama watu wazima, bila kuambizana, wakaanzisha wimbo wa maziko sauti nne, mazishi yakaendelea. Jioni tulipobaki chini ya turubai, wapiga kinanda wachache, Mwanglikana, Mlutheri, Mkatoliki na kijana mmoja wa Kipentekoste, tukakubaliana kukutana mara kwa mara kwa jambo moja: kinanda kimfuate mwimbaji. Hilo ndilo neno letu mpaka leo, na mtu akiniuliza umoja huu unaamini nini namjibu hivyo hivyo.

Kwa muda tulikuwa wachache tu. Baada ya tangazo la mwaka 2016 la serikali kuhamia Dodoma, watumishi wa wizara walianza kuja, na ndani yao wakaja wapiga kinanda wa Dar, Moshi, Bukoba, Iringa. Baadhi yao wanasoma nota kama mtu anavyosoma gazeti. Wametuinua sana, nasema kwa shukrani.

Mmoja wa hao aliwahi kusoma Uingereza, na huko alihudhuria mikutano ya chama cha wapenzi wa vinanda vya umeme. Vyama hivyo vipo Uingereza, Marekani na Australia. Miaka ya 1960 na 1970 familia nyingi za kule zilikuwa zinanunua kinanda cha ngazi mbili za funguo na kanyagio za besi, zinakiweka sebuleni, basi wenye vinanda wakawa wanakusanyika kila mwezi. Wanamwalika mpigaji mmoja, anapiga, wanakunywa chai, wanamuuliza maswali. Japani nako Yamaha walitoa kinanda chao cha kwanza cha namna hiyo, Electone D-1, mwaka 1959, wakaifungulia na madarasa. (Yamaha hii unayoijua kwa pikipiki ilianza na kinanda. Mwaka 1887 Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule mjini Hamamatsu, akakitengeneza, akaamua kuunda cha kwake.) Vinanda vya bei nafuu vya miaka ya 1980 vilipoingia, kile kinanda kikubwa cha sebuleni kikakosa wanunuzi na vyama vingi vikabaki na wazee. Lakini utaratibu wa mgeni mmoja kupiga na kuulizwa maswali tuliuchukua, tukaupenda.

Kwa hiyo Jumamosi yetu inakwenda hivi. Kwanza mgeni wa siku anapiga na sisi sote tunaimba. Hapana biti, hapana mapambo. Tunamtazama anavyomaliza mstari: je, anainua mikono tunapovuta pumzi, au anatuburuta? Kisha tunamuuliza. Wengine ni wakali kidogo kwa maswali, lakini hakuna anayedharauliwa.

Baada ya hapo ni mikono. Hapa ndipo waliojifunza kwa kusikiliza wanapata kitu. Kwenye piano ukipiga sauti inafifia yenyewe, na kanyagio la kulia linaficha mapengo. Kinanda cha kanisani hakifanyi hivyo: sauti inabaki ileile mpaka uinue kidole, na ukiinua inakatika papo hapo. Kwa hiyo kuunganisha sauti ni kazi ya vidole. Jaribu leo nyumbani. Chagua sauti ya kinanda cha kanisa, ondoa mwangwi wote, piga Do kwa kidole gumba. Ufunguo ukiwa bado chini, leta kidole cha tatu juu ya ufunguo huohuo, kiegemeze, ndipo uchomoe gumba taratibu. Sauti isikatike hata chembe. Gumba sasa liko huru kwenda mbele, na mkono umesogea bila mwimbaji kujua. Rudia kwa kidole cha nne na cha tano, hicho ndicho kigumu. Tuna wanachama wamepiga kinanda maisha yao yote, na bado kila mkutano tunaanza na zoezi hili.

Kuhusu Hammond nitakujibu kivyake hapo chini, maana ina maelezo.

MwalimuBesi

Sasa Hammond. Usiikubali kabla hujauliza jambo moja: imetengenezwa kwa umeme wa mapigo mangapi?

Laurens Hammond alikuwa mtengeneza saa za umeme huko Marekani. Mota za saa zake zilizunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wa gridi, na mota ya namna hiyo ndiyo aliyoiweka ndani ya kinanda alichopatia hataza mwaka 1934, akaanza kukiuza 1935. Makanisa mengi ya Marekani yasiyoweza kununua kinanda cha mabomba yakakichukua. Ndani yake hakuna sauti iliyorekodiwa. Kuna magurudumu ya chuma yenye meno, kwenye modeli yake ya B-3 ni 91, kila moja linazunguka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya. Meno yakipita, waya unatoa mkondo, mkondo unakuzwa, unasikia sauti.

Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Transfoma itakushushia volti 230 zetu zifike 120 zao, lakini mapigo haiyagusi. Magurudumu yatazunguka kwa kasi ya tano kwa sita ya ile iliyokusudiwa, na kinanda kizima kitashuka karibu nusu-toni tatu. Unapiga Do, inatoka La iliyo chini yake. Na hakina kitufe cha kupandisha, ni chuma na meno. Ukikiunganisha kwenye jenereta inayoyumba, sauti nayo itayumba mbele ya maharusi.

Dawa ipo: inveta nzuri inayotoa umeme wa mapigo 60, wa wimbi safi. Ongeza gharama hiyo kwenye usafiri. Ongeza na uzito, maana B-3 pamoja na benchi na kanyagio zake ina karibu kilo 190, na kila mwaka inahitaji mafuta yake maalum kwenye magurudumu. Kama ndugu wa huyo mzee angekuwa Uingereza, ambako umeme ni wa mapigo 50 kama wetu, ningekwambia kimbia ukaipokee. Hii ya Marekani, mwombeni asome kibao cha nyuma kwanza awatumie picha.

Kama hamu yenu ni ile sauti, vinanda vingi vya sasa vinayo, na baadhi vina drobaa tisa, yaani vijiti vya kuvuta na kusukuma vya kuchanganya sauti. Kwa nyimbo za ibada vuta ile iliyoandikwa futi 8 yote, ya futi 4 zaidi ya nusu, ya futi 2 kidogo, nyingine ziache. Sauti ya kwanza watakushukuru.

Fundi_Solda

Mwalimu heshima yako. Mimi ndiye ninayefungua vinanda vya umoja pale Majengo, nijibu ya ufunguo unaopiga kelele.

Mkuu wa Nkuhungu, hilo ni vumbi. Chini ya kila ufunguo kuna mpira wenye vidonge viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kimoja kinagusa ubao kwanza, cha pili kinafuata. Kinanda kinapima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi kinajua umepiga kwa nguvu, ukiwa mrefu umepiga polepole. Sasa vumbi likikaa kwenye kidonge cha kwanza, mguso wake unachelewa, unakaribiana na wa pili, kinanda kinaamini umeupiga kwa ngumi. Likizidi, ufunguo unakufa kabisa. Dodoma hii upepo wa kiangazi ukianza, navipokea mfululizo.

Kazi yenyewe siyo kubwa. Chomoa umeme, geuza kinanda juu ya blanketi, fungua skrubu. Ziweke kwa mafungu maana hazilingani urefu, ndefu ikiingia mahali pa fupi itatoboa uso wa juu. Fika kwenye ubao wa funguo, vuta ule ukanda wa mpira taratibu. Futa vidonge na ubao kwa pamba iliyoloweshwa kidogo spiriti safi, ile isiyo na rangi wala mafuta. Usisugue kwa msasa, usitumie petroli, usiviguse vidonge kwa vidole. Acha vikauke, rudisha. Ukiogopa kufungua niletee.

Halafu adapta, nawaomba sana jamani. Casio nyingi za zamani ni volti 9 na hasi iko katikati ya pini. Yamaha nyingi ndogo ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Pini zinaingiliana, mtu anaazima ya jirani dakika za mwisho kabla ya harusi, anaunguza. Soma mchoro mdogo nyuma ya kinanda.

MamaAlto_Hombolo

Shikamoo Mwalimu. Fundi, salama? Mimi si mpiga kinanda, ni mwimbaji wa sauti ya pili tangu usichana wangu, na niseme upande wa sisi tunaofuatwa.

Hawa wa umoja walikuja kwetu Hombolo kwa mwaliko wa mwinjilisti. Kinanda chetu tulikinunua kwa michango baada ya kuuza zabibu, na kijana wetu alikuwa anawasha biti kuanzia tenzi ya kwanza mpaka sadaka. Tulikuwa tumezoea, hata hatukuona tatizo. Siku hiyo Mwalimu alikaa, akazima kila kitu, akapiga Do peke yake akatusubiri. Akasema, "Anzeni ninyi." Tukaanza kwa woga. Kwenye ubeti wa pili nikaisikia sauti yangu mwenyewe katikati ya wenzangu, nikaisikia na besi ya akina baba kule nyuma, na wale wazee wawili wa sauti ya tatu wakakumbuka sehemu yao. Nililia, sioni haya kusema.

Kilichonifurahisha zaidi ni wimbo wetu wa Kigogo. Zamani tukiuimba na kinanda ulikuwa unakwaruza mahali fulani, na mwalimu mmoja aliyepita kwetu alikuwa akitugombeza kwamba tunashuka. Mwalimu alibonyezabonyeza kitu kwenye kinanda, ukaingia sawa. Ningependa aeleze hapa alifanya nini, maana kijana wetu amesahau.

Swali langu: huku umeme ukikatika tunatumia betri ya sola moja kwa moja kwenye kinanda. Ni salama?

MwalimuBesi

Marahaba mama. Umegusa mahali ninapopapenda kuliko pote.

Nyimbo nyingi za Kigogo zinatembea juu ya sauti tano: do, re, mi, so na ta (ti iliyoshushwa). Sauti hizo zimetoka kwenye uzi. Mpiga zeze akiugusa uzi kidogo bila kuukandamiza, katikati, kwenye theluthi, kwenye robo na kuendelea, anafungua sauti zilizomo ndani ya uzi huohuo. Ya nne, ile ya kwenye robo, ni do, ya tano mi, ya sita so, ya saba ta, ya nane do ya juu, ya tisa re. Ndiyo mizani yote hiyo. Malimba yetu nayo yanafuata palepale: ile ilimba ya vyuma juu ya sanduku lenye tundu lililofunikwa utando wa buibui ili sauti izizime. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, aliipeleka mizani hii duniani kote akiwa na ilimba na zeze.

Sasa kinanda. Kimegawanya oktava kwa nusu-toni kumi na mbili zinazolingana, na kila nusu-toni tunaihesabu senti 100. Ta ya kinanda iko senti 1000 juu ya do. Ta ya uzi iko senti 969. Tofauti ni 31, karibu theluthi ya nusu-toni, na sikio lolote linaisikia. Mi nayo ya uzi iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 14. Nimewasikia walimu wa kwaya, watu wenye vyeti, wakiwaambia akina mama wa vijijini kwamba wanashuka. Hawashuki. Wako mahali ambapo uzi wenyewe uko, tena wanapapata kila mara bila kipimo chochote mkononi, na mimi hilo linanipa heshima kubwa kwao.

Nilichofanya Hombolo ni hiki. Vinanda vingi vya daraja la kati na la juu vina sehemu ya kurekebisha mizani, imewekwa hasa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua ufunguo mmojammoja, unaushusha. Kama Do yenu ni F, ta ni ule ufunguo mweusi kati ya D na E: shusha 31. Mi ni A: shusha 14. Mkihamia Do nyingine, rekebisha upya, na mkimaliza wimbo huo rudisha kawaida kabla ya tenzi inayofuata, la sivyo tenzi itapinda. Mwambie kijana aandike namba hizo kwa kalamu kwenye plasta, abandike juu ya kinanda.

Hata Hammond yenyewe, zile drobaa tisa za B-3 zinachanganya sauti ya msingi na zile zinazopanda juu yake: ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, kisha inaruka hadi ya nane. Ya saba haimo. Sauti ambayo wimbo wa Mgogo unaiegemea ndiyo hiyo iliyoachwa.

Betri ya sola: kama kinanda ni cha volti 12 na pini mmeielekeza sawasawa kama Fundi alivyosema, itapiga. Ila msiunganishe wakati paneli inachaji, volti zinapanda zaidi ya 14. Chomoeni paneli kwanza, au Fundi awawekee kile kidude cha kutuliza volti.

Mgeni_Ilazo

Wazee wangu nawaheshimu, lakini hapa sikubaliani. Mimi ni kiongozi wa sifa, na vijana wanakuja kanisani kwa sababu ya midundo. Zima biti wiki mbili uone viti. Mnataka turudi enzi za kukanyaga?

MwalimuBesi

Ndugu yangu, hoja yako ni ya kweli na tumeibishania sana ndani ya umoja, tena wenzetu wa Kipentekoste ndio wanaotubana zaidi.

Hatupingi mdundo. Sisi ni watu wa muheme. Nenda Chamwino uwaone akina mama wa Kigogo wameibana ngoma kati ya mapaja, mikono inaruka, vumbi linapanda. Mdundo kama huo mashine haijapata kuutoa. Lakini mtazame mpiga ngoma wa kwanza: macho yake yako kwa mwimbishaji. Mwimbishaji akirefusha neno, ngoma inamngoja. Akikaza mwendo, nayo inakaza. Mdundo unasikiliza.

Kwa hiyo nakuomba ujaribu kitu. Chukua wimbo wenu mmoja wa sifa, zima biti, mweke kijana kwenye ngoma au kayamba, kinanda kishike kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) na besi ya mkono wa kushoto tu. Ukisikia kanisa limelala, njoo Jumamosi utuambie mbele ya wote. Tutakupa nafasi ya mgeni wa siku, nasema kwa moyo mweupe.

Mgeni_Ilazo

Nimeipokea Mwalimu. Kayamba tunazo, ngoma nitaazima. Nitakuja na kikundi changu.

Kijana_Nkuhungu

Shikamoo Mwalimu, na asanteni sana wote. Zoezi la kidole gumba nimelijaribu usiku huu kwa kuvaa spika za masikio. Cha tatu kinakubali, cha nne na cha tano bado. Fundi, nitakuletea kinanda Majengo, kufungua naogopa. Na mzee nimeshamwambia kuhusu mapigo ya umeme, anampigia ndugu yake kesho.

Ila bado nina hofu ya nota. Nikija nianzie wapi? Na nije na nini?

MwalimuBesi

Marahaba mwanangu. Nota usiziogope. Tunaanza na do-re-mi kwa mdomo, huku unapiga ubaoni kwa kidole. Mtu mwenye sikio kama lako hachukui muda kuunganisha anachoimba na anachokiona kwenye karatasi. Wale waliotoka Moshi na Bukoba wana subira, na mmoja anafundisha wanaoanza pembeni wakati wengine wanasikiliza mgeni.

Njoo na daftari, spika hizohizo za masikio, na wimbo mmoja wa kwenu Mbeya tusioujua. Uwe wa lugha ya nyumbani ukipenda. Utatuimbia kwanza bila kinanda, sisi tutatafuta sauti zake zinakaa wapi. Mwishoni mwa Novemba tunakusanyika wote na kwaya zetu, tarehe 22 au Jumamosi iliyo karibu nayo, maana ni siku ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, na wenzetu Wakatoliki hutukaribisha. Wimbo wako ukikaa vizuri, tutauimba siku hiyo.

Niandikie kwa ujumbe binafsi nikuelekeze ukumbi. Tunaanza saa nane mchana, na mlinzi wa geti ukimwambia umekuja kwenye vinanda atakuonyesha.